Kitabu cha elfu arobaini na laptopu ya mtumba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo Majengo, hapa Moshi. Napiga fotokopi, nachapa barua, CV na mitihani ya shule mbili za jirani. Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, RAM GB 4, ilikuwa na Windows 10. Fundi akaniambia Windows 10 haipati tena masasisho na mashine yangu haiwezi kubeba Windows 11, akaniwekea Linux Mint. Inakimbia vizuri, ila najiona kama mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na stendi nimeona kitabu kikubwa cha Red Hat Linux, kurasa zaidi ya elfu moja, na CD zake nyuma. Anataka 40,000. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema vitabu vimepitwa na wakati, niangalie YouTube tu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nikichukue, au kuna kingine cha kuanzia?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hicho kitabu kiache palepale kilipo. Nakwambia hivyo kwa sababu nilishakinunua mimi, na kama si hicho basi ni pacha wake.

Ilikuwa 2009, hapa Arusha. Kipindi hicho kampuni ya Canonical ilikuwa bado inatuma CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bure kwa posta (waliacha 2011), nami nikaagiza, ikanifikia kwenye sanduku la posta la mjomba. Nikaisakinisha kwenye kompyuta ya mezani, kisha nikaanza kusaka kitabu. Nikakipata kwa kijana aliyetandaza vitabu kwenye turubai, Barabara ya Sokoine. Kinene kama tofali, neno Linux limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mwandishi. Sikuuliza Linux ipi. Kwangu Linux ilikuwa Linux, kama sukari ilivyo sukari.

Usiku huohuo nikafungua sura ya kusakinisha programu. Kitabu kinasema andika rpm. Nikaandika. Ubuntu ikanijibu kwa adabu kwamba rpm haimo, ila nikiitaka niisakinishe kwa amri fulani. Aisee, nikaisakinisha! Nikarudia maelezo ya kitabu, safari hii ikaanza kulalamika inakosa vitu ambavyo nilikuwa navyo tayari. Nikaenda hivyo karibu wiki tatu, kila usiku, nikiamini kibovu ni kichwa changu. Mpaka rafiki yangu mmoja aliyekuwa anasoma Chuo cha Ufundi akakishika kile kitabu, akafungua ule ukurasa ulio nyuma ya jina, akacheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa cha Red Hat Linux 9. Toleo hilo lilitoka 2003, na ndilo la mwisho kubeba jina hilo. Baada yake kampuni iliendelea na Red Hat Enterprise Linux kwa wanaolipia, na mradi wa Fedora kwa wengine. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika kitabu cha mfumo uliokwisha kuzikwa, tena wa ukoo usio wangu.

Hilo la ukoo ndilo litakaloamua kama pesa yako inarudi au inapotea, basi nikueleze. Linux yenyewe ni kiini tu, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki, akakitangaza mwaka 1991. Hakuna mtu anayechapa barua kwa kiini kitupu. Watu hukizungushia madirisha, menyu, programu za ofisi na namna ya kuongeza nyingine, na furushi zima ndilo linaitwa distro. Distro nazo zina koo. Ukoo wa Debian ulianza 1993. Ubuntu imezaliwa humo, na Mint yako imejengwa juu ya Ubuntu. Ukoo wa Red Hat ni mwingine, wenye Fedora na ndugu zake. Wewe ni mtu wa Moshi, utanielewa haraka: mtu wa Machame na mtu wa Rombo wote ni Wachagga, wataketi meza moja wale kiburu, lakini kila mmoja akianza kuongea cha kwao, mwenzake anabaki kutabasamu. Kwa Debian programu unaileta kwa apt. Kwa Red Hat ni dnf, zamani yum, na chini yake ile rpm iliyonikosesha usingizi.

Sasa nisikionee kitabu cha watu. Si kwamba chote kimeoza. Amri kama ls, cp, mv na rm (za kuorodhesha, kunakili, kuhamisha na kufuta mafaili) ni urithi wa Unix, mfumo ulioanzia Maabara za Bell kule Marekani mwaka 1969, na zote zimo kwenye mwongozo wake wa kwanza wa Novemba 1971. Sura ya 2003 inayoeleza nani anaruhusiwa kusoma faili na nani anaruhusiwa kuliandika, ukiisoma leo mbele ya Mint yako, itafanya kazi neno kwa neno. Kinachooza ni picha: menyu iko wapi, ukibofya hapa kinatokea nini, printa inaongezwaje, Wi-Fi inashikwaje. Ubuntu peke yake ilibadili sura ya kioo 2011 ilipoleta sura iitwayo Unity, ikaja kuibadili tena 2017 iliporudi kwenye sura yake ya zamani, GNOME. Mtu aliyenunua kitabu chenye picha nyingi 2010 alikuwa na kitabu cha kumbukumbu ndani ya mwaka mmoja.

Na hapo ndipo mtego ulipo kwa anayeanza. Unachokihitaji wewe leo, wiki hii, na mteja amesimama dirishani na flashi mkononi, ni kile hasa kinachooza haraka. Zile amri za 1971 utazihitaji baadaye, na pengine usizihitaji kabisa. Mtu mzoefu anaweza kununua kitabu cha zamani akala minofu akatupa mifupa. Anayeanza hajui mfupa ni upi. Kwa hiyo kitabu chako cha kwanza kifanane na kioo chako, hata kama ni chembamba, hata kama si kitabu cha dukani.

Kioo chako kikoje? Fungua menyu ya Mint, tafuta System Information, utaona jina la toleo na aina ya meza ya kazi (desktop, yaani mpangilio wa menyu na madirisha). Ukipenda, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike cat /etc/os-release, itakupa jina na namba ya toleo. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na namba hizo za Ubuntu ni mwaka na mwezi tu: 24.04 ni Aprili 2024. Mint 21 imesimama juu ya 22.04. Ya kwanza inahudumiwa hadi 2029, ya pili hadi 2027, kwa hiyo kitabu cha Mint 22 kina maisha ya miaka kadhaa, si miezi. Halafu tazama kama ni Cinnamon, MATE au Xfce. Kwa RAM ya GB 4 fundi wako anaweza kuwa amekuwekea Xfce, ambayo ni nyepesi. Usilidharau jambo hili. Kwenye Cinnamon programu ya kufungulia mafaili ni Nemo, kwenye Xfce ni Thunar, kwenye MATE ni Caja. Kitabu kikikwambia ufungue Nemo na wewe huna Nemo, utarudi kulekule kwangu kwa 2009.

(Fundi wako hakukudanganya, kama ulikuwa na wasiwasi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa huku kwetu ni za vizazi vya nyuma ya hapo.)

Ningekuwa mimi ndiye mwenye steshenari, nisingetoa hata shilingi kwanza. Watengenezaji wa Mint wanatoa miongozo yao bure, wa kusakinisha na wa kutumia, ni mifupi na inakwenda na matoleo yaliyopo. Sehemu ya kusakinisha iruke, fundi alishamaliza. Soma ya hatua za baada ya kusakinisha, na hasa panapoelezwa Timeshift. Hiyo ni programu inayopiga picha ya mfumo wako ulivyo leo, ili ukiuharibu kesho uurudishe ulivyokuwa. Iwashe kabla hujaanza kujifunza kitu kingine chochote. Ila ujue inalinda mfumo, hailindi mitihani ya watu. Mafaili ya wateja yaweke nakala kwenye diski nyingine kama ulivyokuwa unafanya, na kama hukuwa unafanya, anza.

Kisha kuna jambo ambalo hukuniuliza. Nusu ya matatizo yatakayokufika hayatakuwa ya Linux hata kidogo. Yatakuwa ya LibreOffice, furushi la programu za ofisi, kwa sababu ndiyo utakayochapia, na wateja wako wanaleta kazi za Microsoft Word. Mwalimu ataleta mtihani uliopangwa vizuri kwake, ukifungua kwako maswali mawili yamerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi kosa ni fonti. Kama faili ni la Calibri na wewe huna Calibri, mashine inaweka inayokaribiana. Dawa ipo: fonti ya Carlito imepimwa upana uleule wa Calibri, Caladea upana wa Cambria, na Liberation Serif upana wa Times New Roman, kwa hiyo mistari haihami. Na usipokuwa mwangalifu, LibreOffice itakuhifadhia kazi kama odt, aina yake yenyewe ya faili, mteja akifika kwake ashindwe kuifungua kwenye simu, akurudie kwa hasira. Ndani ya Tools, kisha Options, kisha Load/Save, upande wa General, unaweza kuiamuru ihifadhi kila hati ya maandishi kama docx, aina ya Word. Mambo haya huyakuti kwa kina kwenye vitabu vya Linux. Yamo kwenye miongozo ya LibreOffice yenyewe, ambayo nayo ni PDF za bure. Ukilazimika kuchagua kimoja cha kusoma mwezi huu, chagua ule wa Writer, programu ya LibreOffice ya kuchapia, sio wa Linux. Najua unaniona nimegeuza swali lako, lakini mteja wa CV haji kukuuliza una mfumo endeshi gani.

Una bahati nyingine ambayo wengi wanaoniandikia hawana. Printa unayo, na mashine ya kutoboa na spairo bila shaka unayo. Pakua hizo PDF sehemu yenye Wi-Fi ili usimalize bando, chapa sura unazozihitaji tu, pande mbili, funga spairo. Kitabu chako tayari, kinalala bapa mezani bila kushikiliwa na glasi ya chai, jambo ambalo lile tofali la kurasa elfu haliwezi.

Ukishatumia hivyo mwezi mmoja na bado unataka kitabu cha kununua, hapo sawa, na nitakwambia ninavyokipima nikiwa nimesimama dukani. Jalada silisomi. Naanza na ukurasa wa nyuma ya jina, mwaka na toleo. Nikikuta mwaka haujaandikwa, au ni wa zamani kuliko toleo langu kwa miaka mitano sita, nakirudisha. Halafu nakwenda nyuma kabisa kwenye faharasa na kutafuta maneno matatu ya kazi yangu. Kwako ni printa, skana na flashi. Kitabu cha anayeanza kisichokuwa na printa kwenye faharasa kimeandikwa na mtu anayekaa kwenye chumba cha seva, hajawahi kuhudumia mteja. Nikipita hapo, nafungua popote kuelekea ukurasa wa 30 nitazame kama msomaji ameshapewa kitu cha kufanya kwa mkono. Kuna waandishi wanakupa kurasa 80 za historia na falsafa ya programu huria kabla hujagusa kipanya. Historia ni tamu, mimi mwenyewe naipenda kama unavyoona, lakini haitoi fotokopi.

Kisha natafuta sehemu yenye amri ya terminali na kuangalia vitu viwili: mwandishi ameonyesha mashine itajibu nini baada ya amri? Na ameonya kabla ya kukupa amri inayofuta? Mwandishi anayeandika sudo rm (kufuta kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine) bila kusimama kukueleza kwamba kwenye terminali kilichofutwa hakiendi kwenye pipa la taka, kinapotea, huyo hajawahi kufundisha mtu mzima. Hili kwangu ni zito kuliko hata mwaka wa kitabu.

Maneno ya kukimbia kwenye jalada ni Administration, Server, na jina la mtihani wowote wa cheti. Hapa Arusha nimeona vijana wengi wakianza na vitabu vya mitihani kwa sababu vinaonekana vya maana. Ni vizuri kwa kazi yake. Vinamfundisha mtu anayejua tayari jinsi ya kujibu maswali ya mtihani, na kwa asiyejua ni sawa na kujifunza kupika kwa kusoma risiti za sokoni.

Kuhusu Kiingereza, usiogope, ila chagua mwandishi wa sentensi fupi. Soma aya moja palepale dukani kwa sauti ya chini. Ukikwama mara tatu, kirudishe, wako wengine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux uliotafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na LibreOffice yako ni mtoto wa hiyo OpenOffice, walitengana 2010. Kwa hiyo hakuna aliyesema mambo haya hayawezekani kwa lugha yetu. Hata hivyo menyu zako ziache kwa Kiingereza kwa sasa, kwa sababu moja tu: kitabu kikisema Print Settings, jicho lako likute Print Settings kwenye kioo bila kukisia. Weka daftari pembeni, kila neno geni liandike na maana yake kwa maneno yako mwenyewe. Steshenari haiwezi kukosa daftari.

Mwanao naye ana hoja, usimkatalie kabisa. Kwa jambo moja la kufanya kwa mkono, mfano kuona mtu anavyoongeza printa, video ya dakika tano inashinda kurasa kumi. Lakini hakikisha imetaja toleo lako, maana video nazo huoza kama vitabu, tena hazina ukurasa wa nyuma ya jina. Na huwezi kutafuta neno ndani ya video wakati mteja anasubiri. Mpe kazi: yeye atafute video, wewe uandike hatua kwenye daftari, halafu yeye azifuate bila video. Asipoweza, hakuelewa.

Baadaye kabisa, siku utakayojikuta unataka kubadili majina ya mafaili 200 ya mitihani kwa mkupuo, ndipo terminali itakapokuwa na maana kwako. Hapo nitakutaja kitabu kimoja kwa jina, The Linux Command Line cha William Shotts. Nakitaja kwa sababu mwandishi mwenyewe anatoa PDF yake bure kwa leseni ya Creative Commons, kina kurasa zaidi ya 500, na kinashughulika na zile amri zisizooza, kwa hiyo hakijali kama una Xfce au Cinnamon. Kwenye steshenari yako unaweza kujichapia. Usichape ukauza, leseni yake hairuhusu biashara. Anza sura za mwanzo tu, na ufanyie mazoezi kwenye folda tupu uliyoitengeneza kwa ajili hiyo, uiite mazoezi, mbali na kazi za watu. Ukisahau amri na kitabu hukioni, andika man ukifuatisha jina lake, man cp kwa mfano. Mwongozo umo ndani ya mashine, hauhitaji bando. Ni mkavu kama mtama wa jana, lakini upo.

Ukirudi stendi na muuzaji akikufuata kwa kukuona ulikishika, mwambie una 5,000. Akikubali, kichukue, uzisome sura za mafaili na ruhusa tu, na CD za nyuma mpe mtoto acheze nazo, usiziingize kwenye mashine. Akikataa, mpungie mkono uende zako. Na printa ikikusumbua, niandikie tena pamoja na namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma au chini yake. Ile ya mbele mara nyingi ni jina la familia tu. Kama ni HP inaweza kuwa imeshaingia yenyewe kabla barua yako haijanifikia.